Sakafu ya mbao haidekiwi: mwongozo kamili wa kutunza mbao ngumu nyumbani

Mwaka wa kwanza niliokaa kwenye nyumba yenye sakafu ya mninga niliiharibu kwa usafi. Nilikuwa nimetoka kwenye nyumba ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, nimezoea kila Jumamosi kumwaga ndoo ya maji yenye sabuni ya unga kuanzia chumba cha ndani, kuyasukuma kwa mpira hadi barazani, kisha kuacha milango wazi pakauke. Nikaendelea vilevile. Ikaja masika ya Arusha, wiki kwa wiki bila jua, na asubuhi moja nikitembea pekupeku nikahisi kila ubao umenyanyua kingo zake mbili, katikati pamebonyea, kama vigae vya paa vilivyolazwa chali. Kwa haraka yangu nikamwita fundi mwezi wa tano huohuo apige msasa, naye akasawazisha pakawa tambarare kabisa. Ilipofika Septemba mbao zikakauka na kurudia umbo lake la asili, lakini kingo zilishaliwa na msasa. Kila ubao ukabaki na mgongo wa kobe.

Makosa yalikuwa mawili na yote yangu: kuimwagia maji, halafu kuisawazisha kabla haijakauka. Karibu kila sakafu ya mbao iliyoharibika niliyoiona tangu hapo imepita njia mojawapo kati ya hizo. Kwa hiyo mwongozo huu utarudi kwenye maji mara kwa mara, hata pale tunapozungumzia vanishi.

Hatua ya 1: Jua unakanyaga nini

Si kila sakafu inayoonekana ya mbao ni ya mbao. Nyingi zinazouzwa madukani siku hizi ni picha ya mbao iliyochapwa kwenye karatasi, ikagandishwa juu ya ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Dalili yake ni kwamba macho ya mti yanajirudia: ukiona jicho lenye umbo fulani hapa, mita mbili mbele unalikuta pacha wake. Sakafu ya namna hiyo haipigwi msasa hata siku moja, kwani ukikwangua unatoa picha. Aina ya pili ina tabaka la mbao halisi, mara nyingi milimita 2 hadi 4, lililogandishwa juu ya plaiwudi. Hiyo inastahimili msasa mara moja au mbili, kutegemea unene wa tabaka. Ya tatu ni ubao mzima wa milimita 18 au 20, au vile vibao vifupi vilivyopangwa kama ukili wa mkeka, unavyovikuta kwenye nyumba nyingi za zamani za Nairobi, Kileleshwa na Lavington kwa mfano. Kama kuna mahali mbao zinaishia, labda kwenye kizingiti au chini ya sketingi (ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta), angalia ukingo wake kwa tochi. Ubao mzima una mistari inayoendelea kutoka juu mpaka chini.

Ukishajua ni ubao mzima, jaribu kujua ni mti gani. Mninga una rangi ya asali hadi hudhurungi na unasifika kwa kutotikisika: hunywea kidogo sana unapokauka, ndiyo maana mafundi seremala wanaupenda hata kwa milango. Mvule ukiwa mpya ni wa njano, kisha mwanga unaugeuza hudhurungi miezi inavyopita. Ukiweka zulia juu ya sakafu mpya ya mvule na kulitoa baada ya mwaka, utakuta mstatili wa njano. Basi miezi ya mwanzo hamisha mazulia mara kwa mara, au usiyaweke kabisa. Mkongo ni mgumu na mzito. Mkangazi ni mwekundu na laini kuliko wenzake, unaingia mashimo ya visigino kwa urahisi. Msaji, ambao wengi wanauita mtiki, hutoka zaidi kwenye mashamba ya kupandwa kama yale ya Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, na una mafuta yake ya asili ambayo yatakusumbua siku ya kupaka vanishi. Nitalirudia hilo.

Muhimu kuliko mti ni kilichopakwa juu yake, maana hicho ndicho unachokisafisha. Chagua pembe isiyoonekana, nyuma ya mlango au chini ya kabati, ufanye majaribio haya:

1. Dondosha tone la maji, usubiri dakika 10. Likizama na kuacha giza, mbao ni tupu au vanishi imekwisha. Likikaa juu likaacha alama nyeupe chini yake, pengine ni nta. Likikaa bila kuacha chochote, una vanishi ngumu, na siku hizi mara nyingi ni ya poliyurethani.
2. Lowesha kitambaa cheupe kwa tapentaini, sugua kidogo. Kikitoka na uchafu wa njano au kahawia unaoteleza, hiyo ni nta. Vanishi ngumu haitoi kitu.
3. Dondosha spiriti. Ikiwa pamelainika na kunata, hiyo ni vanishi ya zamani ya sheleki.

Fanya majaribio kwenye vyumba tofauti. Nyumba za kupanga zimepitia mikono mingi. Nimewahi kukuta sebule yenye vanishi, ukumbi wenye nta, na chumba cha kulala chenye ile polishi nyekundu ya saruji iliyopakwa na mtu aliyeona mbao zinapauka.

Hatua ya 2: Elewa mbao zinavyopumua

Mti uliokatwa haujaacha kunywa. Hewa ikiwa na unyevunyevu, ubao huufyonza na kupanuka. Hewa ikikauka, hunywea. Hupanuka kwa upana, kwa urefu karibu si kitu. Unyevu wa hewa ukiwa kama asilimia 60, mbao hutulia zikiwa na unyevu wa asilimia 11 hivi ndani yake. Hewa ikifika asilimia 75, mbao husogea hadi kama 14. Kwa ubao wa upana wa sentimita 10 hiyo ni nusu milimita tu. Lakini sebule ya mita 4 ina mbao 40, na nusu milimita mara 40 ni sentimita 2. Hizo zinataka mahali pa kwenda. Ndiyo sababu fundi mzuri huacha nafasi ya milimita 10 hadi 15 kila upande wa chumba na kuificha kwa sketingi. Ukiona mtu amejaza nafasi hiyo kwa saruji ili panya wasipite, mwambie masika yatamjibu: mbao zikikosa pa kwenda huinuka katikati ya chumba.

Sasa zile kingo zilizonyanyuka. Ubao ukiwa na unyevu mwingi chini kuliko juu, upande wa chini hupanuka na kingo kuinuka. Maji ya kudeki huteremka kwenye viungo na kukaa chini, ambako jua halifiki, huku juu pakikaushwa na upepo. Vivyo hivyo zege likivuta maji kutoka ardhini, au bomba la jikoni likivuja taratibu kwa miezi. Dawa yake ni kukata chanzo cha maji, kufungua madirisha siku za jua, na kusubiri. Kusubiri maana yake ni wiki hadi miezi. Mbao nyingi hurudi zenyewe, si zote, lakini za kutosha kukuonyesha kama msasa unahitajika kweli.

Kuna upande wa pili: nafasi zinazofunguka kati ya mbao wakati wa kiangazi. Watu huzijaza puti ngumu mwezi wa Februari, kisha mvua zikija mbao zinapanuka, zinaibana puti, nayo inapasuka au inasukumwa juu kama makapi. Nafasi ambayo sarafu ya shilingi inaingia kwa kubanwa, iache. Itajifunga yenyewe. Inayobaki wazi hata katikati ya masika ndiyo ya kushughulikia.

Wenzetu wa Dar es Salaam na Mombasa wana kesi yao. Hewa ya pwani ni nzito mwaka mzima, jambo ambalo lenyewe si baya, kwani mbao huzoea zikatulia. Kinachoumiza ni kiyoyozi kinachowashwa usiku kucha na kuzimwa asubuhi, mbao zikapelekwa huku na kule kila siku. Ama kiwake kwa wastani wakati mwingi, ama mtumie pangaboi. (Wazee wa pwani hawakuwa na tatizo hili, juu ya boriti zao za mikoko walimwaga mawe na chokaa, wakatandika mkeka.)

Hatua ya 3: Usafi wa kila siku

Kabla ya maji, mchanga. Chembe ya mchanga chini ya kiatu ni msasa, na mlangoni ndipo sakafu inapoanza kufa. Weka vizulia viwili: kimoja kigumu cha nyuzi za kumbi nje, kingine laini ndani. Kuvua viatu mlangoni ni desturi yetu, na hapa inafanya kazi kuliko dawa yoyote ya kopo. Mgeni mwenye heshima zake ambaye huwezi kumwambia avue, mwache aingie, utafagia akiondoka.

Fagia kila siku kwa ufagio wenye nywele laini. Fagio la chelewa ni la uani. Ukiwa na mashine ya kufyonza vumbi, zima ile brashi inayozunguka.

Kufuta, si kudeki, kunatosha mara moja kwa wiki kwa sakafu yenye vanishi nzima:

1. Fagia kwanza, hata kama panaonekana safi.
2. Kwenye ndoo ya lita 5 za maji ya uvuguvugu tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo. Usizidishe. Sabuni inayobaki juu ya sakafu ndiyo ule utando unaovuta uchafu na kuacha nyayo.
3. Chovya kitambaa laini, ukikamue mpaka kisitoe tone hata ukikinyonga kwa nguvu. Dekio la nyuzi nene halikamuliki kiasi hicho, kwa hiyo liache kwa ajili ya choo na jikoni.
4. Futa kufuata mistari ya mbao, eneo dogo dogo. Kipimo changu ni hiki: alama ya unyevu ikikaa zaidi ya dakika moja, kitambaa kina maji mengi.
5. Malizia kwa kitambaa kikavu.

Mwonyeshe anayekusaidia kazi za nyumbani kwa vitendo, mkamue naye kitambaa cha kwanza. Kusema "usitumie maji mengi" hakutoshi, kwa sababu maji machache ya mtu aliyekulia kwenye saruji ni nusu ndoo.

Vitu vya kukataa: sabuni ya unga, ambayo ni kali na huacha chumvi; dawa za klorini, ambazo hupausha; siki, inayosifiwa sana mitandaoni lakini hufifisha mng'ao wa vanishi kidogo kidogo; mashine za mvuke, kwani mvuke unapenya ambapo maji yasingefika; na mafuta ya taa kwenye maji ya kufutia. Hayo ya mwisho najua nyumba nyingi wanayatia ili sakafu ing'ae na wadudu wakimbie. Yanaacha utando wa mafuta, harufu yake inasumbua vifua vya watoto, na siku ukitaka kupaka vanishi mpya haitashika.

Chini ya miguu ya viti na meza gundisha vipande vya blanketi zito au zulia kuukuu, uvibadilishe vikishika mchanga. Epuka vizulia vyenye mpira mgongoni, maana mpira unaweza kuacha doa la njano lisilotoka. Ndoo ya akiba ya maji, mtungi wa gesi, chungu cha maua, vyote vikae juu ya sinia au ubao wenye miguu. Ukingo wa chuma wa mtungi wa gesi ukikutana na maji huacha duara jeusi ambalo nitakueleza jinsi ya kulitoa, ila ni kazi.

Hatua ya 4: Kama sakafu yako ni ya nta

Hii haiguswi kwa maji kabisa, isipokuwa kitambaa chenye unyevu kidogo penye doa. Inafagiwa, inapigwa kitambaa kikavu, na mara mbili kwa mwaka inapakwa nta mpya. Ni kazi ya mikono lakini sakafu yake ina uzuri ambao vanishi haiufikii, na mkwaruzo mmoja unatibika bila kukwangua chumba kizima.

Nta ya nyuki si bidhaa ya kuagiza ng'ambo. Tabora inaitoa miaka nenda rudi. Ili kutengeneza polishi chukua nta gramu 100 na tapentaini gramu 300 hadi 400. Weka nta kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiliweke juu ya moto moja kwa moja. Nta huyeyuka ikifika nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo maji hayahitaji kuchemka. Ikishayeyuka, zima jiko, toa kopo nje, mbali na moto wowote, ndipo umimine tapentaini huku ukikoroga. Ikipoa inakuwa kama siagi. Wapo wanaoyeyusha mishumaa ndani ya mafuta ya taa jikoni. Inang'arisha kweli, na inaweza kuchoma nyumba.

Paka kwa kitambaa, nyembamba kabisa, kama unampaka mtoto mafuta baada ya kuoga na mafuta yenyewe ni ya kuazima. Nta nene hailindi mbao zaidi. Inanasa vumbi na kuteleza. Acha nusu saa au zaidi, kisha sugua kwa brashi na umalizie kwa kipande cha blanketi. Waliosoma shule za bweni wanajua kucheza juu ya blanketi sakafuni, na mbinu ni ileile.

Baada ya miaka, tabaka za nta hujikusanya zikawa nyeusi. Zitoe kwa tapentaini na stilwaya laini kabisa ya namba 0000, madirisha yakiwa wazi, halafu anza upya.

Hatua ya 5: Madoa na majeraha

Rangi ya doa la maji inakuambia limefika wapi. Doa jeupe limekaa kwenye nta au vanishi, halijagusa mbao. Kwenye nta, sugua kwa polishi kidogo na stilwaya ya 0000, na mara nyingi hutoweka. Doa jeusi limeingia ndani: chuma, maji na tanini, kemikali ya asili ya mti, vimekutana. Hapo huna budi kuondoa kilichopakwa juu ya eneo hilo, kisha upake asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, katika chombo cha plastiki, ukiwa umevaa glavu na miwani. Ni sumu, watoto wakae mbali. Acha mpaka doa lififie, suuza kwa kitambaa chenye maji safi mara mbili tatu, kausha siku kadhaa. Usipige msasa kabla ya kusuuza, usije ukaivuta asidi puani kama vumbi.

Mshumaa uliodondoka umeme ulipokatika: weka barafu ndani ya mfuko wa plastiki juu yake mpaka ugumu, kisha ubandue kwa kadi ya plastiki. Kisu kitaacha alama yake mwenyewe.

Kibonyeo cha kitu kizito kwenye mbao tupu au ya nta kinatibika kwa namna inayofurahisha. Lowesha kitambaa cha pamba, kikamue, kikunje juu ya kibonyeo, kisha gusisha ncha ya pasi ya moto kwa sekunde chache. Mvuke unaingia, nyuzi zilizobanwa zinavimba na kuinuka. Rudia. Ikiwa nyuzi zimekatika, haitafanya kazi. Kwenye vanishi ya poliyurethani mvuke haupenyi, utaishia kuifanya iwe nyeupe.

Kibao kilicholegea katika sakafu ya vibao vifupi kina mtego wake. Vingi vya zamani vilibandikwa kwa lami, na gundi nyeupe ya mbao haishiki juu ya lami. Kwangua lami chini ya kibao hadi uone mbao safi, kwangua na zege, ndipo ubandike, au utafute gundi iliyoandikwa kwamba inakubali lami. Usiipige msasa wa mashine lami hiyo. Kuna gundi nyeusi za zamani zilizochanganywa na asbesto.

Na wadudu, kwa ufupi. Mchwa hutoka ardhini na hujenga njia za udongo ukutani au nyuma ya sketingi. Gonga mbao kwa mpini wa bisibisi, na penye sauti ya mtungi mtupu waite wenye dawa mapema, kwa sababu kazi iko kwenye udongo, si kwenye ubao uliouona. Bungua yeye huacha vitundu vidogo na unga laini kama wa ngano, zaidi kwenye ile sehemu nyeupe ya nje ya mti, hata wa mninga. Fagia unga, weka alama, urudi baada ya wiki. Ukiona unga mpya yumo bado. Dawa ya borati hupakwa kwenye ubao mtupu kwani haipiti kwenye vanishi.

Hatua ya 6: Kupaka vanishi kabla haijawa lazima

Hapa ndipo pesa zinapookolewa au kupotea. Watu husubiri mpaka njia ya ukumbini imekuwa ya kijivu, maji yameingia, kisha wanalipia msasa wa chumba kizima. Ubao mzima una kiasi cha milimita 6 za kuchezea juu ya kiungio chake na ubao wa jirani, na kila msasa kamili unaondoa nusu hadi milimita nzima. Hesabu si ya milele.

Kila baada ya miezi sita mwaga kijiko cha maji mahali panapopitwa sana. Yakikaa kama shanga, bado. Yakianza kutanda na kuacha kivuli baada ya dakika chache, wakati umefika wa kukwaruza vanishi ya zamani kwa msasa wa namba 120 au 150, bila kufika kwenye mbao, ukafuta vumbi na kupaka mkono mmoja mpya, yaani tabaka moja. Ni kazi ya siku moja. Sharti lake ni moja: pasiwe na nta, mafuta ya taa, wala dawa ya kung'arishia yenye silikoni. Ikiwepo, vanishi mpya itajikusanya matone kama macho ya samaki, au itabanduka kama ngozi ya kuungua. Jaribu kwanza kwenye eneo la hatua moja, usubiri siku mbili, ukwangue kwa kucha.

Hatua ya 7: Msasa kamili

Kama imefikia huko, chagua msimu. Mimi siigusi kati ya Machi na Mei. Tafuta mtu mwenye kipimo cha unyevu chenye sindano mbili, upime ubao juu na pembeni katika vyumba kadhaa. Namba zikilingana na zikikaa palepale kwa wiki mbili, anza. Ikiwa sakafu iko juu ya zege la chini na una shaka na ardhi, tafuta mahali zege liko wazi, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45 kwa utepe pande zote, usubiri saa 16 au zaidi. Matone chini ya nailoni au zege lililogeuka jeusi ni unyevu wa chini, na hakuna vanishi itakayokuokoa kabla huo haujaisha.

Toa kila kitu. Zamisha misumari iliyochomoza kwa nyundo na kipigio, la sivyo itachana msasa na pengine rola ya mashine. Vaa barakoa nzuri ya vumbi. Vumbi la mvule husumbua kifua na ngozi ya watu wengi, na vumbi la mbao kwa jumla liliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, mwaka 1995. Kitambaa cha kichwani ulichojifunga puani hakitoshi.

Anza na msasa namba 40 au 60 kulingana na ubaya wa sakafu, nenda 80, malizia 100 au 120. Usiruke kutoka 40 hadi 120. Mikwaruzo ya 40 itajificha mpaka vanishi iifichue. Fuata mistari ya mbao. Kwa vibao vilivyopangwa kama mkeka pita kwa mshazari kwanza. Mashine ya rola isisimame hata sekunde moja ikiwa imeshushwa, itachimba bonde. Pembe zimalizie kwa mkono.

Changanya vumbi laini la msasa wa mwisho na gundi ya mbao au sila ujaze mianya midogo. Rangi italingana kuliko puti ya dukani. Fyonza vumbi, futa, subiri vumbi la hewani litue, fyonza tena.

Kwa msaji na mvule, futa kwa tina muda mfupi kabla ya kupaka ili kuondoa mafuta ya juu. Usipofanya hivyo vanishi ya mafuta inaweza kukaa siku nzima ikinata. Ukichagua vanishi ya maji, usitumie stilwaya katika hatua yoyote ya mwisho. Vipande vyake vitakavyobaki vitapata kutu na kuacha vidoa vyeusi.

Lita moja hufunika takribani mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Sebule ya mita 4 kwa 5 kwa mikono mitatu itataka lita 6, ila soma kopo lako. Ya mafuta hutoa rangi ya joto na huhitaji kama saa 24 kati ya mkono na mkono, zaidi pwani. Ya maji haina harufu kali, hubaki bila rangi, na hukauka kwa saa 2 hadi 4. Kati ya mikono pitisha msasa wa 220 kwa wepesi, ufute vumbi. Panga kabisa unaanzia ukuta gani ili umalizie mlangoni; nimewahi kujifungia pembeni ya dirisha, nikatokea bustanini.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta visikunjwe wala kutupwa kwenye pipa. Vinapokauka huzalisha joto vyenyewe, na vikiwa vimerundikana vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja kwenye waya mpaka vikakamae, au uvizamishe kwenye ndoo ya maji.

Siku ya kwanza baada ya mkono wa mwisho hakuna anayepita. Ya pili, soksi tu. Baada ya siku tatu nne rudisha samani kwa kuzibeba, watu wawili kila kitu, bila kuburuta. Zulia lisubiri wiki mbili kwa vanishi ya maji na mwezi mzima kwa ya mafuta, kwa sababu vanishi bado inatoa hewa chini yake hata kama juu imekauka. Kitambaa chenye unyevu, nacho, kisubiri mwezi huohuo. Mpaka wakati huo ni ufagio peke yake.